Kamati ya Kuhakiki Dhiki Yafika Mawe Matatu

Nchi ya Shibe msiitafute kwenye ramani, mtachoka bure. Iko mbali, ina watu wake na mambo yake, na mkiona lolote linalofanana na la kwenu basi mnyamaze kama ninavyonyamaza mimi. Nasimulia nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia hakuwa na sababu ya kudanganya.

Katika Shibe hapakuwa na maskini. Si kwamba watu walikuwa wametajirika, la. Mwaka wa kumi wa utawala wake, Baba Mshibishaji aliingia redioni akatangaza kwamba umaskini umekwisha, na tangu siku hiyo aliyeonekana na dalili zake aliulizwa ameutoa wapi. Hata hivyo serikali ile ilikuwa na huruma. Ilijua kwamba wageni wa kutoka ng'ambo wanapenda sana kusaidia maskini, na kumnyima mgeni anachokipenda ni utovu wa adabu. Kwa hiyo dada yake Baba Mshibishaji, aliyejulikana kama Bibi Mfadhili, alipewa ruhusa maalumu ya kuwa na maskini saba kila mwaka. Saba tu, na wote wawe wanafunzi, ili Mfuko wake uitwao Mkono Mkunjufu uwasomeshe mpaka wamalize na wapigwe picha.

Sikudhani wa mtaa wa Mawe Matatu alitaka kuwa mmoja wa hao saba kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa anasomea ukunga. Miaka miwili alikwishaimaliza, umebaki mmoja. Hiyo miwili ililipwa na nyundo ya mama yake, Mama Siku, mjane aliyekuwa akiponda kokoto kando ya barabara kuu. Kisha serikali ikapiga marufuku kuponda kokoto barabarani, kwa kuwa mlio wa nyundo uliwafanya wapita njia wadhani kuna watu wanaohangaika. Nyundo ikanyamaza, na chungu jikoni nacho kikafuata mkumbo.

Mkuu wa chuo alimwita Sikudhani ofisini akamwambia kwa upole kabisa. "Binti, mwisho wa mwezi huu ndio mwisho. Kama huna mfadhili, utarudisha sare. Na uilete imepigwa pasi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Mtaa mzima wa Mawe Matatu haukuwa na mkunga hata mmoja, na Sikudhani alijua kwa majina wanawake waliozikwa kwa sababu hiyo. Alitoka mle ofisini akaelekea kwa Bibi Mfadhili.

*

Ofisi ya Mkono Mkunjufu ilikuwa ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa ya wafadhili. Sikudhani alipanda ngazi akafika anahema, akakuta dirisha dogo, na nyuma ya dirisha amekaa Mheshimiwa Tambo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhakiki Dhiki. Mwenyekiti alipenda kukaa dirishani mwenyewe. Alisema umaskini si kitu cha kumwachia karani.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mheshimiwa."

Tambo akachukua kalamu akaandika: nzuri. "Umeanza vibaya," akasema. "Endelea."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ilimtaka mwombaji aeleze umaskini wake ulianza tarehe ngapi na nani alikuwepo. Ilimuuliza kama amewahi kufurahi, na kama ndiyo, alipewa kibali na nani. Sikudhani alijaza yote kwa mwandiko mzuri, akabandika na picha. Tambo akaitazama picha akairudisha.

"Umetabasamu."

"Sikutabasamu, mheshimiwa. Ndivyo mdomo wangu ulivyo."

"Basi nenda kalete mdomo mwingine. Binti, sisi hapa hatugawi hovyo. Wanakuja watu wanajidai maskini, ukifika kwao unakuta mwavuli. Juzi nimemkuta mmoja ana viti vinne. Vinne! Mtu mmoja anakalia viti vinne, halafu anataka mkono wa Bibi Mfadhili umfikie." Akashusha sauti kama anayetoa siri ya nyumba. "Zinatakiwa alama arobaini za dhiki. Kiti cha tatu kinapunguza alama tano. Zulia, saba. Kitu chochote cha umeme, faili linafungwa."

Sikudhani akapumua. Kwao kulikuwa na mkeka mmoja, kigoda kimoja na kibatari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona raha kuwa fukara. "Mtakuja lini, mheshimiwa?"

"Ziara zetu ni za kushtukiza," akasema Tambo kwa ukali. "Tutakuja Jumatano, saa nne asubuhi. Uwepo nyumbani, ushtuke."

*

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mama yake.

"Wageni wangapi?" aliuliza Mama Siku, na tayari alikwishasimama.

"Mama, si wageni. Ni wakaguzi. Wanakuja kuona kama hatuna kitu."

"Wanaingia ndani au wanasimama nje?"

"Wanaingia."

"Basi ni wageni."

Sikudhani akamketisha mama yake, akamweleza habari ya alama, viti na zulia, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Waache nyumba ilivyo. Wasipike. Wakiulizwa hali, waseme mbaya. Mama Siku alisikiliza hadi mwisho, mikono yake mikubwa yenye sugu imelala mapajani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeponda mawe miaka kumi na mmoja. Nimekula mihogo mikavu, nimelala na njaa wewe ukidhani nimeshiba. Lakini hajawahi kuingia mtu mlangoni kwangu nikamkalisha chini akatoka na koo kavu. Babako alifariki, waliokuja kumzika walikunywa chai. Leo unataka watu wazima, tena wanaotaka kukusomesha, waje wanikute nimekaa nawatumbulia macho?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo inavyotakiwa."

"Nani anayetaka hivyo?"

"Serikali."

"Serikali haikulelewa?"

Walibishana mpaka maji ya mihogo yakakauka jikoni ikaanza kuungua. Sikudhani hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, na siku hiyo alipandisha. Alisema ni mwaka mmoja tu umebaki, mmoja, na kama utapotea kwa ajili ya sahani ya wali hatasahau. Mama Siku akatazama chini. "Haya," akasema. "Nimesikia." Nanyi mnaowajua mama zetu mnajua kwamba kusikia ni kitu kimoja na kukubali ni kingine, ila Sikudhani alitaka kuamini, akaamini.

*

Jumatano asubuhi alikwenda kwa mjumbe wa mtaa kuchukua barua ya kumtambulisha. Mjumbe akachelewa kuamka, muhuri ukachelewa kupatikana, na Sikudhani alipogeuka kurudi ilikuwa yapata saa nne kasorobo. Kona ya mwisho harufu ya iliki ikampokea. Akajiambia ni ya jirani. Akaanza kutembea haraka, kisha akakimbia.

Nyumba yao hakuitambua. Kwenye chumba ambacho alfajiri kilikuwa na mkeka kulikuwa na viti sita vyenye vitambaa vya kufuma. Zulia jekundu. Ukutani saa kubwa ya Mzee Mbwera fundi cherehani, inayolia kila robo. Sufuria ya pilau, bakuli la kuku wa nazi, chupa mbili za chai. Na pembeni, jeupe, refu, linameremeta, friji la Bi Havijawa, jirani wa mlango wa tatu, ambaye alikuwa akiuza barafu na maji baridi kwa friji hilo na kumsomeshea mwanawe Shomari. Waya wake ulining'inia tu, maana nyumba ile haikuwa na umeme wa kuuchomeka.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeazima," akasema Mama Siku, na uso wake ulikuwa umetakata kwa furaha. Alikuwa amevaa kanga mpya ya mtu. "Hata sikuomba sana. Nilipomwambia Bi Havijawa una wageni wa masomo, akasema haiwezekani wageni wa Siku wakute chumba kitupu, watasema mtaa huu hauna watu. Wanaume wanne wamelibeba hilo."

Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa desturi ya Mawe Matatu. Mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa wote, na viti vya mtaa ule vilikuwa vimetembea nyumba nyingi kuliko mganga.  Sikudhani alishika kiti cha kwanza akakitupa uani, akakimbilia cha pili. Alipojaribu kulisukuma friji halikusogea hata kidogo. Akaliegemea kwa bega, miguu ikateleza kwenye zulia, machozi yanamtoka, na huko nje honi ikalia.

Yalikuja magari matatu. Katika la kwanza alikuwa Mheshimiwa Tambo. Katika la pili alikuwa mpimaji wa Kamati, bwana mwembamba mwenye futi ya fundi seremala na daftari. Katika la tatu alikuwa mpiga picha. Mama Siku aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili, akaviona viti viwili uani, akavirudisha ndani yeye mwenyewe huku akiomba radhi kwa ukosefu wa nafasi.

"Karibuni, karibuni sana. Tumeandaa kidogo tu, mtusamehe."

Tambo akakaa. Akalitazama friji, akamtazama mpimaji, na mpimaji akafungua daftari. Sikudhani alisimama ukutani, hana pa kuweka mikono.

"Habari za hapa, mama?"

"Njema kabisa, mheshimiwa, tunamshukuru Mungu."

Kalamu ikaandika.

"Chakula mnapata?"

Mama Siku alimtupia binti yake jicho mara moja. Mbele yake walikuwa wageni watatu hawajaonja hata tonge. Nani angemwambia mgeni, kabla hajanawa, kwamba nyumbani kuna njaa? Ni sawa na kumwambia usile. "Tunapata, mheshimiwa. Hatujalala njaa."

Kalamu ikaandika tena. Sikudhani akahesabu kichwani, akafika chini ya sifuri, akaacha.

"Kamati haipokei takrima," akasema Tambo, akikunja mikono ya shati. "Lakini chakula hiki ni kielelezo, na kielelezo lazima kichunguzwe." Wakakichunguza. Tambo alichunguza kidari na mapaja yote mawili. Mpimaji alichunguza pilau kutoka pembeni mpaka katikati. Mpiga picha aliwapiga picha wenzake wakichunguza, kisha akaona asipitwe. Walichunguza hadi ukoko, na saa ya Mzee Mbwera ikalia mara tatu bila mtu kusema neno, isipokuwa Mama Siku akiwaambia waongeze.

Kisha Tambo akajisafisha meno kwa kijiti, akavuta faili.

"Kwa masikitiko," akaanza, "Kamati imekuta hapa friji moja, zulia moja, saa moja, viti sita na kuku mmoja, marehemu..."

"Si vyetu."

Sikudhani hakujua kama ni yeye aliyesema. Mama yake alikuwa ameinama kumnawisha Tambo mikono, birika mkononi. Hakugeuka.

"Unasemaje?"

"Vitu hivi si vyetu, mheshimiwa. Tumeazima. Hata kanga aliyovaa mama tumeazima. Mkeka wetu uko chini ya zulia hilo. Tukiondoa vya watu, hapa panabaki kigoda."

 Mama Siku aliendelea kumimina maji, na maji yakapita mikono ya Mwenyekiti yakaingia katika viatu vyake, naye akaendelea tu. "Siku," akasema polepole.  Sikudhani angependa zaidi kama angepigwa kofi.

Tambo akakung'uta miguu. Nilisema serikali ya Shibe ilikuwa na huruma. Nayo ilikuwa na haki pia. "Vizuri," akasema. "Hatuhukumu bila ushahidi. Mpimaji, waite majirani."

Hapakuwa na haja ya kuwaita, walikuwa wamejaa mlangoni. Tambo akasimama juu ya zulia akawahutubia kama yuko uwanjani. "Wananchi wa Shibe! Kamati inataka ukweli tu. Kila mwenye kitu chake humu aje akikiri, achukue aende nacho. Na kitu hicho kitaandikwa katika faili la nyumba yake, kisitoke tena humo." Akafunua karatasi. "Naona hapa mtaani kuna watoto kumi na wawili wanaoomba ufadhili wa mwaka ujao. Haya. Hili friji la nani?"

Bi Havijawa alikuwa mbele kabisa, mkono umeshika mwimo wa mlango. Karibu na mwisho wa orodha ya wale kumi na wawili palikuwa na jina la Shomari. Sikudhani alimtazama mama yule aliyemlea kama wake, na bila kusema alimwomba kwa macho. Bi Havijawa akalitazama friji lake. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo wa siku lile friji lilipoletwa, alipolia kwa uchungu wa mkwaruzo ule mtaa mzima ukacheka.

"Silijui," akasema.

"Sauti."

"Nimesema silijui. Sijawahi kuwa na friji."

Baada ya hapo njia ilikuwa nyeupe. Mwenye zulia alisema kwao hawana hata sakafu. Wenye viti walisema wao ni watu wa kusimama. Mzee Mbwera, mwenye wajukuu wawili katika ile orodha, alioneshwa jina lake lililoandikwa kwa rangi nyuma ya saa, akalisoma kwa makini, akasema huyo ni Mbwera mwingine, tena amemsikia ni mtu mbaya. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikana chake akaondoka ameinamisha kichwa.

"Basi ni vyenu," Tambo akamwambia Mama Siku, akamkabidhi karatasi aweke dole gumba. "Hongera, mama."

*

Barua ilifika Ijumaa. Mfuko wa Mkono Mkunjufu ulifurahi kumtaarifu Sikudhani kwamba hana dhiki. Ulieleza kwamba kaya yake iliingia Jumatano asubuhi ikiwa na mkeka na kigoda kwa mujibu wa fomu, na ikatoka adhuhuri ikiwa na friji, hivyo Kamati imeitoa kaya hiyo katika ufukara kwa muda wa saa mbili. Hakuna nchi jirani iliyowahi kufikia kasi hiyo. Wageni wa ng'ambo walikwishapelekewa takwimu.

Zilibaki siku nane. Sikudhani alipiga pasi sare yake akaitundika kwenye msumari. Yeye na mama yake hawakuwa wakisemeshana isipokuwa la lazima. Pisha, chumvi iko wapi, funga mlango. Walipishana ubavu kati ya viti vya watu ambavyo hakuna aliyethubutu kuja kuvichukua, maana mpimaji alikuwa akipita mtaani kila asubuhi na daftari lake kuangalia nani anabeba nini.

"Nilitaka wakuone umetoka kwa watu," Mama Siku akasema siku moja, ghafla, akiwa anachambua mchicha. "Ni hilo tu nililotaka. Si sifa."

"Najua, mama. Nisamehe. Nilikuvua nguo mbele ya wageni."

"Ulisema kweli."

"Ndiyo maana naomba unisamehe."

Mama Siku akamsogezea nusu ya fungu la mchicha, wakachambua pamoja.

Bi Havijawa alikuja Jumatatu alasiri. Alibisha hodi kama mgeni wa mbali, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha jirani yake, mkabala na friji lake, asilitazame. Akaletewa maji ya mtungini. Akasifu maji.

"Chukua vyako, dada," Mama Siku akamwambia. "Friji tutalitoa kidogo kidogo, hata kwa vipande."

"Vyangu vipi? Si nilishasema mbele ya watu?" Akanywa tena. "Nisikilizeni. Nikilirudisha, Shomari amekwisha. Nikiliacha hapa, litaota kutu. Friji hili ni lenu kwa dole gumba la serikali, na mwenye mali haulizwi akiiuza. Liuzeni. Siku amalize mwaka wake."

"Na barafu zako?" Sikudhani akauliza. "Utaishi kwa nini?"

"Kabla ya friji nilikuwa naishi."

"Haiwezekani," Mama Siku akasema. Akasema mara ya pili, na ya tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Ndipo Bi Havijawa akamgeukia Sikudhani, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimezaa watoto watatu katika mtaa huu, mwanangu. Ninaye Shomari peke yake. Wale wawili walizaliwa wazima, hakukuwa na mtu wa kujua la kufanya. Nilikukana Jumatano nikiwa nakutazama usoni, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Usinifanye nikubembeleze."

Sikudhani akapiga magoti akaishika mikono yake.

*

Friji likauzwa, ada ikalipwa zikiwa zimebaki siku mbili, na hapo ndipo mambo yalipokwama upya. Karani wa chuo alihesabu, akaridhika, akafika kwenye mstari wa mwisho wa fomu: jina la mfadhili.

"Ni jirani yetu," Sikudhani akasema, kisha akajiuma ulimi.

"Jirani gani? Mfadhili ni yule aliyesajiliwa. Nchi hii aliyesajiliwa ni mmoja tu. Bila jina, ada hii ni fedha isiyo na asili, na wewe hujalipa."

Sikudhani alishika kalamu muda mrefu. Jina alilotaka kuandika lingemfukuzisha Shomari kwenye orodha kabla wino haujakauka. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Akaandika: Mkono Mkunjufu. Aliandika kwa nguvu hata karatasi ikatoboka kidogo.

Alidhani Tambo akijua atamfunga. Tambo alipojua alifurahi mno. Mwaka ule Kamati ilikuwa imehakiki kwa uadilifu mkubwa hata ikapata maskini sita tu, na jukwaa lilikuwa limetengenezwa la watu saba. "Ada imelipwa, jina ni letu, na sisi hatukutoa hata senti," akasema. "Binti, huo ndio ufadhili uliokomaa."

Basi siku ya sherehe Sikudhani alipanda jukwaani wa saba, ndani ya sare iliyopigwa pasi. Bibi Mfadhili alikuwa katika kiti cha dhahabu, wageni wa ng'ambo pembeni yake. Watu wa Mawe Matatu waliletwa kwa malori kupiga makofi, na karani mwenye daftari alizunguka safu kwa safu akiandika majina ya wasiopiga. Katika safu ya tatu, Sikudhani alimwona Bi Havijawa na Shomari. Mama yake alikuwa kando yao.

Kila mwanafunzi alipewa karatasi ya shukrani asome. Sita walisoma. Ikafika zamu yake. Karatasi ilisema: Namshukuru Bibi Mfadhili aliyenitoa gizani. Sikudhani alisogea kwenye kipaza sauti, akafungua mdomo, na sentensi ile ikagoma kutoka.

"Soma," Tambo akanong'ona nyuma yake.

 Tambo akasogea hatua moja, akafuata macho ya Sikudhani ajue yanaelekea kwa nani. Sikudhani alihisi kabisa macho yake yanavutwa kuelekea safu ya tatu. Akayazuia. Akayakaza kwa Bibi Mfadhili, kwenye mkufu wake, asipepese.

"Aliyenisomesha yupo hapa," akasema. Sauti ilitetemeka, akaikaza nayo. "Ananisikia. Nilimwona siku ile alipokuwa na haya, nikamwona siku aliyonipa alichokuwa nacho chote. Mimi sina cha kumlipa. Kila mtoto nitakayempokea akiwa hai, nitamhesabu ni wake."

Mawe Matatu wakasimama. Hakuna aliyewaamrisha. Walisimama wote kwa pamoja, Mzee Mbwera, wenye viti, mwenye zulia, Mama Siku akiwa amejifunika uso kwa kanga yake kuukuu, wakapiga makofi ambayo uwanja ule haukuwahi kuyasikia.

Bibi Mfadhili aliguswa sana. Aliweka mkono kifuani, akainuka katika kiti cha dhahabu, akawainamia kuyapokea, na mpiga picha akampiga picha. Wageni wa ng'ambo walifuta machozi. Tambo akarudi mahali pake ameridhika.

Sikudhani hakuitazama safu ya tatu mpaka aliposhuka. Bi Havijawa alikuwa bado anapiga makofi kama wengine, uso wake hauoneshi lolote, kwa sababu karani alikuwa amesimama mbele yake na daftari.